Waliona bora Superman afe kuliko aoe

Kuna uongo mmoja ambao watu wazima, wenye elimu zao na mishahara yao minono, wameushikilia kwa miongo kadhaa. Uongo wenyewe ni huu: shujaa akishaoa, hadithi imekwisha.

Leo nataka tugombane kuhusu uongo huo. Shahidi wangu ni tamthilia moja, Superman & Lois, iliyorushwa na kituo cha The CW cha Marekani kuanzia Februari 23, 2021 hadi Desemba 2, 2024. Misimu minne, sehemu 53. Najua wapo watakaoguna: "Bwana mdogo, umesoma mpaka chuo kikuu, leo unatuandikia habari za jamaa anayeruka na shuka jekundu mgongoni?" Ndiyo, naandika. Kaa chini usome, utanitukana baadaye.

Nianze na ushahidi, maana mwandishi wa habari akilalamika bila ushahidi anageuka mpiga ramli.

Superman aliingia mitaani mwaka 1938, katika toleo la kwanza la kitabu cha katuni cha Action Comics, kazi ya vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Lois Lane, mwandishi wa gazeti, yumo kwenye toleo hilo hilo. Yaani hawa wawili wanajuana tangu siku ya kwanza. Sasa piga hesabu. Ukiacha hadithi za pembeni, zile za "dunia nyingine" na za ndotoni, Superman wa hadithi kuu alimuoa Lois mwaka 1996. Miaka 58! Hata mshenga mvumilivu kuliko wote angekuwa ameshachana barua ya posa.

Kwa nini ilichukua muda wote huo? Hapa ndipo patamu. Mwaka 1990 Clark na Lois walichumbiana kwenye katuni. Waandishi wakapanga harusi. Wakati huo huo televisheni ya ABC ilikuwa inaandaa tamthilia yake iliyoitwa Lois & Clark, ikaamuliwa kwamba harusi ya kitabuni isubiri ya kwenye runinga. Waandishi wakabaki na kurasa tupu za kujaza. Wafanye nini? Wakamuua. Mwishoni mwa 1992 Superman akauawa na dubwana liitwalo Doomsday, na toleo hilo likauzwa mamilioni ya nakala.

Rudia kusoma hapo. Jamaa walikuwa na mambo mawili mezani, harusi na mazishi, wakaona mazishi ndiyo mepesi kuandika.

Usidhani ni Superman peke yake. Spider-Man alioa mwaka 1987. Ilipofika 2007 kampuni ya Marvel ikachapisha hadithi ambayo ndani yake Spider-Man na mkewe Mary Jane wanaiuza ndoa yao kwa shetani aitwaye Mephisto, ili shangazi mzee aliyepigwa risasi apone. Wanaamka asubuhi, hawajawahi kuoana. Ndoa ya miaka 20 imefutwa kama ubao wa shule. Na waliofuta hawakuficha sababu: mhariri mkuu wa wakati huo, Joe Quesada, alikuwa akisema wazi kwamba haipendi ndoa ile.

Mwaka 2011 kampuni ya DC ikaanzisha upya hadithi zake zote, na ndoa ya Superman na Lois nayo ikapotea. Mwaka 2013 Dan DiDio, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa DC, akasimama mbele ya wasomaji kueleza kwamba mashujaa hawatakiwi kuwa na raha katika maisha yao binafsi. Mwaka 2018 Batman akapangiwa harusi na Catwoman. Toleo likatangazwa kwa matarumbeta, watu wakanunua. Siku ya siku bibi harusi hakutokea. Ameshawishika kwamba Batman mwenye furaha hawezi kuwa Batman.

Hoja yao ni ipi? Eti ndoa inamzeesha shujaa. Eti mvutano unakwisha, kwa sababu msomaji hana tena cha kungojea. Eti kijana anayesoma hawezi kujiona ndani ya mwanamume mwenye mke na watoto.

Nami nauliza: mvutano gani?

Hawa wanadhani swali pekee linaloweza kuulizwa kuhusu mwanamume na mwanamke ni "je, watapatana?" Wakishapatana, taa zizimwe, watu waende makwao. Hata hekaya zetu zina ugonjwa huo: wakaoana, wakaishi raha mustarehe, hadithi yangu imeishia hapo. Lakini wazee hao hao waliotunga hekaya walijua zaidi ya hapo, ndiyo maana waliweka kungwi. Kungwi hamfundi mwali namna ya kupata mume. Anamfunda namna ya kukaa nyumbani humo baada ya wapiga ngoma kuondoka. Na wakatuachia methali: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Watunzi wa mashujaa wamekaa mlangoni miaka nenda rudi, wanausifia mlango.

Superman & Lois ilifungua ikaingia ndani.

Tazama ilivyoanza. Katika sehemu ya kwanza tu, Clark Kent (Tyler Hoechlin) na Lois Lane (Elizabeth Tulloch) wameshaoana siku nyingi na wana watoto pacha wa kiume, Jonathan na Jordan, walio katika umri ule wa kununa. Gazeti la Daily Planet limenunuliwa na tajiri Morgan Edge, wafanyakazi wanapunguzwa, na Clark yumo katika panga hilo. Mama yake, Martha, anapatwa na kiharusi huko kijijini Smallville. Clark anaruka kuliko risasi, anafika, mama keshafariki. Na watoto, ambao hawajui baba yao ni nani, wanagundua kwamba wamedanganywa maisha yao yote.

Umeona? Hakuna hata adui mmoja aliyehitajika. Kazi imekwenda, mama amekwenda, watoto wamekasirika. Mambo hayo yanampata dereva wa lori, yanampata mwalimu, yanampata karani wa benki. Mwenye nguvu za kuinua meli hana nguvu ya kuyazuia hata moja.

Na hapa ndipo hoja yangu yote ilipolala. Tatizo la kumwandika Superman siku zote limekuwa kwamba jamaa hashindwi. Kila mtoto aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza anajua kwamba steringi hafi. Sasa kama steringi hafi, hofu itatoka wapi? Watunzi wavivu wanajibu: tumtafutie adui mkubwa zaidi. Akishapigwa huyo, mwingine mkubwa kuliko yule. Mwisho wanavunja miji mizima na mtazamaji anapiga miayo. Ndoa na familia ndiyo njia ya kutoka katika shimo hilo. Mpe mwanamume asiyeshindika mke anayeweza kuugua na mtoto anayeweza kumchukia, hapo kila siku yake inakuwa na hatari. Ndoa haiui mvutano. Kwa mtu kama Superman, ndoa ndiyo mahali pekee mvutano wa kweli unapoweza kupatikana.

Mfano mdogo. Familia inahamia Smallville, kwenye shamba la marehemu. Jordan ana tatizo la hofu anapokuwa katikati ya watu, na sasa nguvu za baba yake zimeanza kumjia. Clark, ambaye masikio yake yanasikia maili na maili, anaanza kuwasikiliza wanawe wakiwa shuleni. Anamtakia mema mwanawe, hakuna anayebisha. Jordan anapojua anawaka. Ni haki yake kuwaka! Hiyo ni sawa na mzazi anayepekua simu ya mtoto usiku. Mtunzi amechukua uwezo wa kishujaa ambao kwa miongo mingi tumeushangilia, akautazama kwa jicho la mtoto wa nyumba hiyo, tukagundua kwamba ni upelelezi. Katuni ya mseja ingekuonyesha hivyo lini?

Mfano wa pili. Jordan ana nguvu, Jonathan hana. Pacha mmoja anaruka, mwingine anabeba mabegi. Msimu wa pili Jonathan anakamatwa shuleni na dawa haramu za kuongeza nguvu. Wazazi wanamhoji, hasemi aliyempa. Wivu wa ndugu ni hadithi ya tangu Yusufu na kaka zake. Kinachonifurahisha ni kwamba Superman na Lois hawakubaliani namna ya kumkabili, na ugomvi wao unafanyika jikoni, kwa sauti ya chini, kama wagombanavyo watu wenye watoto ndani.

Tuje kwa Lois, maana huyu ni mwenzangu katika kazi.

Morgan Edge anayachezea maandishi yake gazetini. Lois anaacha kazi Daily Planet, gazeti kubwa kuliko yote katika ulimwengu wa katuni, anakwenda kuandika kwenye gazeti dogo la Smallville Gazette, ambalo karibu lote linaendeshwa na msichana mmoja, Chrissy Beppo. Wanasema jogoo la shamba haliwiki mjini. Huyu ni jogoo wa mjini aliyekwenda kuwika shamba, na akawika. Mumewe anaruka angani, lakini habari anaitafuta mwenyewe, kwa miguu na kwa simu. Hata pale alipokosea, tamthilia haikumlinda. Lex Luthor alikaa gerezani miaka 17 kwa mauaji ambayo hakuyafanya, na kazi ya Lois ilichangia kumfikisha huko. Luthor ni mhalifu wa mambo mengine chungu nzima, lakini kwa hilo hakuhusika. Gerezani amempoteza binti yake, ambaye hataki hata kumwona. Akitoka anakwenda moja kwa moja nyumbani kwa Lois. Chuki yake kwa Lois ni chuki ya baba. Sisi tunaoandika magazetini tungefaa kuonyeshwa msimu huo kwa lazima.

Na Lois huyo huyo, tamthilia inaonyesha kwamba aliwahi kuharibikiwa na mimba ya mtoto wa kike. Anakwenda kwa mshauri, anakaa kitini, analia. Sekunde kadhaa hakuna mlipuko wala mtu kuruka. Ndani ya tamthilia ya mashujaa! Nani mwingine aliwahi kuthubutu?

Halafu ikaja saratani.

Msimu wa tatu, mwaka 2023, Lois anagundulika kuwa na saratani ya matiti. Anapata tibakemikali, nywele zinakatika, matiti yote mawili yanaondolewa. Clark anasimama pembeni. Jicho lake linaona ndani ya mifupa, na haliwezi kumsaidia kitu. Katika chumba cha kupokelea dawa Lois anafanya urafiki na mgonjwa mwenzake, Peia, kisha inajulikana kwamba Peia ni mke wa Bruno Mannheim, jambazi ambaye Lois mwenyewe anamchunguza. Mannheim anafanya majaribio haramu, watu wanakufa, na anachotafuta ni tiba ya mkewe.

Sasa nipe jibu wewe unayesema ndoa haina msisimko. Waume wawili, wake wawili wenye ugonjwa mmoja. Mmoja yuko tayari kuua ili mkewe apone. Mwingine ana nguvu za kuivunja dunia na inambidi akae amshike mkewe mkono akisubiri majibu ya daktari. Nani kati yao anapenda zaidi? Mimi swali hilo lilinikalia kichwani wiki nzima, na halihitaji shuka jekundu.

Tena tamthilia haikuwa inahubiri ndoa. Ingehubiri nisingeitetea. Jirani yao Kyle Cushing, mkuu wa zimamoto, ni mtu mwema mwenye pombe na hasira. Alitoka nje ya ndoa, mkewe Lana akajua, na haikumalizwa kwa maua na machozi. Waliachana. Lana akagombea umeya akashinda, Kyle akajifunza kuwa baba kutoka nyumba nyingine. Hakuna aliyegeuzwa shetani. Ukizitazama nyumba hizo mbili kwa pamoja unaelewa kwamba tofauti yao haikuwa nguvu za kuruka. Ilikuwa ukweli, uliosemwa upande mmoja na kufichwa upande mwingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Najua pingamizi litakalokuja. "Mbona ile ya ABC ilikufa mara tu walipooana?" Ni kweli, Lois & Clark waliwaozesha Oktoba 1996, na mwaka 1997 tamthilia ikafungwa. Lakini mleta pingamizi anaruka ukurasa mmoja. Mapema mwaka huo huo wa 1996 watazamaji waliahidiwa harusi, wakakaa kitako kuitazama, wakaletewa Lois wa bandia aliyetengenezwa maabara na anayekula vyura. Msinicheke, ndivyo ilivyokuwa. Baada ya hapo ikafuata mizunguko mingine ya kuwatenganisha. Ndoa inasingiziwa. Watu walichoka kuchezewa, kisha watunzi walipofika ndani ya nyumba hawakuwa na la kusema, kwa sababu miaka yote walikuwa wakiwaza namna ya kuchelewesha.

Wengine watanitajia WandaVision ya Marvel, iliyotoka Januari 2021. Nzuri, sikatai. Lakini ile ni ndoa ya mjane na mume aliyekwisha kufa, imejengwa kwa uchawi na lazima ibomoke. Hata pale walipotupa mume, mke na watoto wawili, walitaka kwanza tujue kwamba si kweli.

Superman & Lois ina makosa, nami si msemaji wao. Msimu wa pili walipoingia kwenye habari za Ally Allston na dunia mbili zinazotaka kuungana, nilipotea njia mara kadhaa. Lakini angalia makosa hayo yamekaa wapi. Kila ilipodorora ilikuwa imeondoka nyumbani kwenda kukimbizana na adui.

Na iliuawa na nini? Hesabu za fedha. Mwaka 2022 kampuni ya Nexstar ilinunua asilimia 75 ya The CW na gharama zikaanza kukatwa. Msimu wa nne ukapewa sehemu 10 tu, waigizaji kadhaa wa kudumu wakaondolewa kwenye orodha ya kudumu, wakawa wanapita kama wageni. Kuna sehemu unaona kabisa kwamba mji umebaki mtupu.

Hata hivyo, kwa fedha hizo kidogo walifanya jambo ambalo wenye mabilioni hawajalifanya. Superman anauawa, anarudishwa kwa kuwekewa moyo wa baba mkwe wake, Jenerali Sam Lane. Ni moyo wa binadamu, kwa hiyo utachoka. Clark anaota mvi. Anaiambia dunia jina lake, siri ya miaka yote imekwisha, na dunia haikuanguka. Miongo kadhaa baadaye saratani ya Lois inarudi, na Lois anakufa, mumewe yuko pembeni yake. Clark anaishi muda kidogo na mbwa, watoto na wajukuu wanamtembelea, kisha naye moyo unasimama. Steringi amekufa! Amekufa kwa uzee, kitandani. Na sijawahi kumwona shujaa aliyeshinda zaidi ya huyo.

Utaniuliza, yote haya yanatuhusu nini? Nikujibu.

Mimi ni wa kizazi ambacho kila mwezi kinapokea kadi za mchango wa harusi. Kuna kamati, kuna mwenyekiti na mweka hazina, kuna vikao na ukumbi wa gharama. Tunaichangia siku moja. Miaka 30 itakayofuata hakuna mwenye kadi yake. Na mtu hujifunza wapi hiyo miaka 30, kama hadithi zote anazopewa tangu utotoni zinaishia kwenye busu, na mashujaa wote anaoonyeshwa ni wanaume waliokimbia nyumbani? Niliwahi kupeleka wazo la makala kuhusu wanandoa waliokaa pamoja muda mrefu. Mhariri mmoja akanijibu kwamba ndoa si habari mpaka itokee talaka au mauaji. Hakuwa anatania. Basi yeye na wale wa katuni ni shule moja. Nao wakiulizwa wachague kati ya harusi na mazishi, wanachagua mazishi.

Na bado hawajakoma. Julai 2025 filamu mpya ya Superman iliingia kwenye majumba ya sinema, David Corenswet akiwa Clark na Rachel Brosnahan akiwa Lois. Imetengenezwa kwa fedha nyingi, wanaigiza vizuri, sina ugomvi nao. Lakini uhusiano wao una muda gani? Miezi mitatu. Tumerudi mlangoni, tunagonga upya.

Sawa, tutangoja. Lakini safari hii asije mtu kuniambia kwamba ndani hamna kitu. Tumeshaingia, tumekaa misimu minne, tumeona.

Mwenye hoja nyingine alete. Asiyekuwa nayo akaitazame kwanza tamthilia.